Kazi ya data inalipa, ila uhuru una hesabu yake

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, kazi ya uchambuzi wa data inaweza kumfikisha kijana wa Kitanzania kwenye uhuru wa kifedha?" Mimi naifanya kazi hiyo hapa Mwanza, kwa msambazaji wa vifaa vya ujenzi, na jibu langu ni ndiyo. Ila kupata mshahara mzuri na kuwa huru ni mambo mawili, na wengi wakishapata la kwanza hudhani wamefika.

Vijana wanaonifuata huanza na zana za kuchambulia data: nisome Python, SQL au Power BI? Mimi ningeitanguliza SQL, kwa sababu kumbukumbu za mauzo za kampuni nyingi ziko kwenye hifadhidata zinazoulizwa kwa lugha hiyo. Lakini sehemu kubwa ya siku yangu inaliwa na kusafisha. Faili la mauzo linakuja, mkoa mmoja umeandikwa "Dar", "DSM", "D'Salaam" na "Dar es salam". Namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele, kwa kuwa Excel imezichukulia kama hesabu. Karani akiandika 03/04 anakusudia tarehe 3 Aprili, ila kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma 4 Machi. Ukijumlisha kabla ya kuyanyoosha hayo, utatoa ripoti ya kupendeza na ya uongo.

Kinachopandisha mshahara ni kuijua biashara yenyewe. Nilipowapanga wateja wetu wanaochukua bidhaa kwa mali kauli, sikuishia kutazama nani ananunua zaidi. Niliangalia kila mmoja anakaa na deni siku ngapi. Baadhi ya wakubwa, wale tuliokuwa tukiwapa punguzo nono, ndio waliokalia fedha zetu kuliko wote, huku wauza saruji wadogo wa Magu na Sengerema wakilipa mapema. Bosi alibadilisha masharti. Swali hilo sikufundishwa kwenye kozi yoyote. Nililipata kwa kukaa na mhasibu na madereva wanaopeleka mizigo.

Sasa fedha. Mitandaoni vijana wanakariri kanuni: zidisha matumizi yako ya mwaka mara 25, ukifikisha akiba ya kiasi hicho umeshakuwa huru, yaani unaweza kuishi bila mshahara. Msingi wake ni kazi ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, aliyepiga hesabu mwaka 1994 kwa historia ya hisa na hati fungani (mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali kwa riba) za nchi yake, akimfikiria mtu atakayeishi miaka 30 baada ya kustaafu. Mchambuzi wa data ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuuliza sampuli ilitoka wapi! Haikutoka kwenye shilingi yetu wala mfumuko wetu wa bei, na haimjui mdogo wako anayesubiri ada mwezi Januari.

Kwa hiyo mimi napima kwa miezi: kwa akiba iliyopo, nyumba yangu itakula, italipa kodi na ada kwa muda gani bila mshahara? Michango ya harusi na misiba naiweka kwenye bajeti kabisa, maana itakuja tu. Fedha ya dharura naiweka kwenye vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Ya mbali inakwenda kwenye hati fungani za serikali, ambazo kwenye minada ya Benki Kuu zinaanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba kila baada ya miezi sita.

Na kwa ambaye bado hajapata kazi: Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka wazi, bila malipo, matokeo ya Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120. Chukua majedwali ya wilaya yako, tazama mgawanyo wa umri, kisha nenda kwa mwenye shule binafsi ukamwonyeshe watoto wanaokaribia kuanza darasa la kwanza wako kata zipi. Hiyo karatasi moja, ikiwa safi, itakutambulisha kuliko cheti.