Baa ya uani Uingereza: ijenge kwa ajili ya Januari

Serikali ya Uingereza ilipoamuru baa zote zifungwe tarehe 20 Machi 2020, na zile za England zikabaki zimefungwa hadi tarehe 4 Julai mwaka huo, wenyeji wengi wa nchi hii walitazama vibanda vyao vya mbao nyuma ya nyumba kwa jicho jipya. Nami, niliyekulia mahali ambako watu huketi uani hadi usiku wa manane bila kukumbuka koti, nilijenga baa yangu hapa Coventry kwa mikono yangu mwenyewe, isipokuwa kazi ya umeme, na tangu hapo ndugu na jamaa waliotapakaa katika miji mingine wamekuwa wakiniuliza namna ya kufanya vivyo hivyo. Swali lao la kwanza huwa ni kaunta ichongwe kwa mbao gani. Huwajibu kwamba kaunta ni jambo la mwisho, kwa sababu kitakachoamua kama baa hiyo itakuwa na watu au itageuka stoo ya baiskeli ni hali yake mwezi wa Januari, wakati nje kuna nyuzi joto mbili au tatu na kila kitu kimelowa.

Kwanza vipimo, kwa kuwa sheria imeshakuamulia sehemu kubwa. Katika England, jengo dogo la uani kwa kawaida halihitaji kibali cha mipango miji ikiwa ni la ghorofa moja, halikutokeza mbele ya nyumba, na pamoja na majengo mengine ya nyongeza halikuchukua zaidi ya nusu ya ardhi inayoizunguka nyumba ya awali. Likiwa umbali usiofika mita 2 kutoka kwenye mpaka, kimo chake chote kisizidi mita 2.5, na kimo hicho hupimwa kuanzia sehemu ya juu zaidi ya ardhi iliyo kando yake. Kwa bustani zetu nyembamba, sharti hili la mwisho ndilo linalobana. Wanaoishi kwenye fleti, au kwenye nyumba na maeneo yaliyohifadhiwa kwa ajili ya historia, wana masharti yao tofauti na inawapasa waiulize halmashauri kabla ya kununua hata ubao mmoja. Aidha, jengo lenye eneo la sakafu lisilozidi mita za mraba 15, ambalo halina mahali pa kulala, huondolewa katika kanuni za ujenzi, isipokuwa zile za umeme. Kwa hiyo usiweke kitanda humo, hata kwa ajili ya shemeji aliyezidiwa.

Mimi nilichagua mita 3 kwa 4. Ukitoa unene wa sakafu, wa paa na mteremko wa maji ya mvua, ile mita 2.5 ya nje hubaki kama mita 2.1 ndani upande wa chini, na mtu mrefu ataligusa dari akinyoosha mkono. Kimo hicho kinatosha, ila usiruhusu mtu yeyote akushawishi kutundika taa za kuning'inia.

Msingi ndio uliochukua jasho. Nilichimba, nikajaza kokoto na kushindilia hadi unene wa sentimita 15 hivi, nikatandaza plastiki nene ya kuzuia unyevu, kisha nikamwaga jamvi la zege la sentimita 10. Kwa eneo la mita za mraba 12, hiyo ni mita za ujazo 1.2, yaani karibu tani 3 za zege zinazopaswa kupita kwa toroli katika kichochoro kilicho kati ya nyumba mbili, kwa hiyo agiza lori linalochanganya zege papo hapo na waite vijana wawili wenye nguvu. Jambo moja ambalo wauzaji wa vibanda hawalisemi ni kwamba jamvi lisiwe pana kuliko fremu ya kuta. Likizidi, maji yanayotiririka ukutani hutuama ukingoni na kuingia chini ya mbao ya kwanza, na mbao hiyo ndiyo inayobeba jengo zima. Hata ikiwa imetiwa dawa, hakuna haja ya kuijaribu.

Kuhusu kuta nitazungumza kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo wengi hudhani kwamba baridi ndiyo adui, ilhali adui ni unyevu, na sehemu kubwa ya unyevu huo huletwa na wageni wenyewe. Mtu mzima aliyeketi hutoa takriban gramu 50 za mvuke kwa saa kwa kupumua na kwa jasho. Waketishe watu wanane kwa saa nne, na zaidi ya lita moja na nusu ya maji itakuwa inaelea katika chumba ambacho upande wa pili wa ukuta kuna ubaridi wa kugandisha. Mvuke huo ukipenya hadi kwenye bodi ya nje iliyo baridi, hugeuka maji humo humo ukutani, na baada ya misimu michache utanusa uvundo bila kuona unakotoka.

Ndiyo maana mpangilio wa matabaka una maana kuliko gharama yake. Kutoka ndani kwenda nje, kuta zangu zina ubao wa kupendezesha, plastiki ya kuzuia mvuke iliyofungwa kwa utepe kila maungio, bodi ngumu za povu zilizopachikwa kati ya nguzo, bodi za vipande vya mbao vilivyogandamizwa, zile zinazouzwa kwa jina la OSB, kisha kitambaa kinachozuia mvua lakini kinaruhusu mvuke kutoka, papi za kuacha nafasi ya hewa, na mwishowe mbao za nje. Plastiki ikae upande wa joto, kitambaa upande wa baridi; ukivibadilishana umejenga mtego wa maji. Kwenye paa bapa lililowekewa povu kati ya boriti, acha nafasi ya sentimita 5 juu ya povu ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Halafu toboa ukuta bila huruma: feni ya kutoa hewa karibu na dari upande mmoja, na tundu la kuingiza hewa karibu na sakafu upande wa pili. Nimewaona watu wakiziba matundu hayo kwa matambara wakidai kwamba yanaingiza baridi, kisha wanashangaa madirisha yanapotiririka.

Umeme, kwa maoni yangu, usiufanye mwenyewe. Birika hula kilowati 3, hita kilowati 2, na ukiongeza friji na taa unafika ampea 22 au zaidi kwa volti 230, wakati soketi moja ya nyumbani imetengenezewa ampea 13. Waya wa ekstensheni uliopitishwa dirishani hauwezi mzigo huo. Inahitajika njia mpya kutoka kwenye boksi la umeme la nyumba, kebo yenye ganda la chuma iliyofukiwa kwa kina mahali ambapo koleo la bustani halitaifikia, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Kazi hiyo katika England lazima ifanywe na fundi aliyesajiliwa au itaarifiwe rasmi, na cheti chake utakihitaji siku ya kuuza nyumba.

Friji nayo ina siri yake. Tazama kibandiko kilicho ndani ya mlango: herufi SN maana yake imetengenezwa kufanya kazi penye nyuzi 10 hadi 32, na N pekee ni nyuzi 16 hadi 32. Chini ya hapo kidhibiti chake huchanganyikiwa. Wakati wa baridi kali mimi huizima, huiacha mlango wazi kidogo isiote ukungu, na bia hukaa sakafuni, mahali ambapo hupoa vizuri kuliko katika baa nyingi za Dar es Salaam mwezi huo huo.

Watu hupenda wazo la bomba la bia kaunta, nami sipingi, ila tufanye hesabu. Pipa dogo la bia ya asili ya Kiingereza lina painti 72, kila painti ikiwa mililita 568, na likishafunguliwa bia hiyo huwa nzuri kwa siku tatu hivi. Ni nani atakayeimaliza? Mapipa ya bia inayosukumwa kwa gesi hudumu zaidi, lakini mtungi wa kaboni dayoksaidi ukivuja katika chumba kidogo kilichofungwa unaweza kuua, kwa hiyo ukae nje. Chupa zinatosha. Tena usisahau kwamba katika mikusanyiko yetu karibu nusu ya wageni hawanywi pombe. Birika la chai ya tangawizi lina kazi nyingi kuliko bomba lolote, na bao na karata huwaweka watu muda mrefu kuliko televisheni.

Hapa pana tahadhari inayotuhusu sisi zaidi kuliko majirani zetu. Tumezoea kuchanga. Chini ya sheria ya leseni ya mwaka 2003, kuuza pombe bila idhini ni kosa, na kupokea pauni mbili kwa kila chupa, hata kwa ndugu, hata kwa kuziweka kwenye bakuli lililoandikwa mchango, kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuuza. Kila mgeni aje na kinywaji chake, au mwenyeji agharimie. Muziki upunguzwe kabla ya saa tano usiku, kwani kuta za mbao hazizuii besi, na mlango uelekee nyumba yako badala ya ua wa jirani.

Sasa kaunta. Kimo cha sentimita 105 hadi 110 huendana na viti virefu vya sentimita 75 hivi, na nyuma yake acha sentimita 90 ili mtu aweze kuinama na kufungua friji. Kwa jumla itakula karibu mita moja na nusu ya urefu wa chumba, kwa hiyo ipange upande mfupi. Sinki nililiacha, kwa sababu bomba la maji lingeganda na maji machafu yangeleta kanuni nyingine; glasi huoshwa jikoni. Kwa kuwa baa nyingi za kale zinafungwa, kaunta na viti vyake hupatikana kwa bei nafuu minadani na kwa wauza vifaa vya majengo yaliyobomolewa, na mbao zake ni ngumu kuliko chochote kipya utakachomudu. Ukiipata, iingize ndani kabla hujafunga ukuta wa mwisho, kwa sababu mlango wa sentimita 80 na kichochoro chenye kona haviruhusu kaunta ya mita mbili na nusu kugeuka.