Magereza mapya hayatoshi

Mkuu, unasema msongamano wa wafungwa dawa yake ni kujenga magereza mapya. Utajenga na yatajaa, maana hapa Tanzania sehemu kubwa ya waliomo ni mahabusu, watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani.

Mtu akishtakiwa kwa mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha, dhamana hana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ndicho kinachofunga mlango. Mahakama Kuu iliwahi kukiona kinapingana na Katiba, lakini mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Basi mtu analetwa mahakamani kila baada ya wiki mbili hivi, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Miaka inakatika hivyo. Hata wenye makosa yenye dhamana hukwama kwa kukosa wadhamini wenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho (jaribu kuvipata ukiwa mgeni mjini!).

Mimi ningeanza na ukomo wa upelelezi usiochezewa: muda ukipita, hakimu ampe dhamana. Halafu Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002. Mwizi wa kuku afagie zahanati, arudi kulala kwake, badala ya kulishwa na serikali miezi sita. Parole nayo (mfungwa kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha) ina sheria tangu 1994, lakini masharti yake yanabana mno.

Majengo yaje baadaye.