Neno 'fast' lilivyonibatiza jina la Mzee Haraka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimeshakariri maneno elfu mbili ya Kiingereza, mbona nikisoma gazeti bado napotea?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Najua anapotelea wapi, maana na mimi nilipotelea hapo hapo, tena kwa kulipwa.

Ndiyo kwanza nilikuwa naanza kutafsiri. Hospitali moja ikanipa karatasi ya maelekezo ya wagonjwa, kurasa mbili tu, nikaimaliza usiku mmoja na kulala najisifu. Ndani kulikuwa na mstari huu: Fast eight hours before the test. Nikaandika: "Fika haraka, saa nane kabla ya kipimo." Bahati muuguzi aliisoma kwa sauti kabla haijaenda kuchapwa. Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo pale naitwa Mzee Haraka. Sisemi inauma, lakini inauma.

Mimi mtoto wa Tanga, nafunga Ramadhani tangu nina miaka tisa, nashindwaje kuiona saumu? Nilishakariri fast ni haraka, basi. Kumbe neno lile lile ni kitenzi, kufunga. Ni nomino, mfungo. Ni kivumishi kwenye fast car na kielezi kwenye run fast. Tena asili yake ni kukaza, kushikilia imara, ndiyo maana wana fasten, ile ya kufunga mkanda. Sasa tazama kwetu: unafunga mlango, unafunga mkanda, unafunga Ramadhani. Jibu nilikuwa nalo kinywani tangu utotoni!

Kiswahili hutupa dalili ya aina ya neno kwenye neno lenyewe: soma, msomaji, somo, usomaji. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na miisho yake. Lufu ilikuwa nomino, lufian kitenzi. Miisho ikapukutika, leo yote mawili ni love. Basi dalili zitafute kwa maneno majirani. Likitanguliwa na a au the, tegemea nomino, au kivumishi kilichoisindikiza. Likitanguliwa na must au will, tegemea kitenzi. Likifungua sentensi bila mtenda, shuku amri. Hapo ndipo nilipoangukia. Wakati mwingine sikio ndilo linaloamua: record ukiikazia mwanzo ni nomino, ukiikazia mwisho ni kitenzi.

Vijana, acheni kukariri neno pweke! Vile vifupisho vya n (nomino), v (kitenzi) na adj (kivumishi) kwenye kamusi si urembo. Mimi niliviruka miaka mingi na mmeona kilichonipata. Kariri sentensi. Narudia, sentensi.

Mwezi uliopita hospitali ile ile imenitumia kazi nyingine, kurasa kumi na nne. Nilipoikuta fast nikaweka kalamu chini, nikanywa chai, kisha nikaandika: "Usile chochote kwa muda wa saa nane kabla ya kipimo." Halafu nikapandisha bei.