Darasa moja, idadi tano za Watanzania

Juzi usiku nilipata ujumbe wa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko chuo: “Shikamoo mwalimu. Mkufunzi kasifu vyanzo vya kazi yangu, kauliza nani alinifundisha. Nimekutaja.” Nilifurahi mno, maana somo lile lilizaliwa siku niliyoumbuka.

Mwaka 2023 niliwatuma Kidato cha Tatu chumba cha kompyuta wakatafute idadi ya Watanzania. Wakarudi na majibu matano, kila mmoja anaapa kaikuta Google. Nikasimama kwa kujiamini, nikaandika ubaoni 44,928,923, namba niliyoinakili kwenye blogu fulani nilipoandaa notisi. Binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: “Mwalimu, hiyo si ya sensa ya 2012?” Ndiyo hiyo. Ya 2022 ni 61,741,120. Ile blogu haikutaja mwaka, nami sikujiuliza.

Sikulala vizuri.

Wiki iliyofuata tukazipekua zile namba upya. Nyingine zilikuwa za sensa, nyingine makadirio ya tovuti za nje yanayobadilika kila siku. Nikawaonyesha kuandika kwenye Google “sensa 2022 site:go.tz”, na papo hapo zikabaki kurasa za serikali tu, ikiwemo Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Google ni dalali, niliwaambia. Anakupeleka kwenye nyumba, hakuijenga yeye. Muulize mwenye nyumba: wewe nani, umeandika lini, umejuaje? Tangu siku hiyo, namba isiyo na majibu hayo matatu pembeni sikuipa alama.

Mwenzangu mmoja ofisini alisema nawapotezea watoto muda, mtihani hauulizi hayo. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Walimu wenzangu, tuache kuwaambia watoto “kagugoni” kisha tukaenda kunywa chai. Tusiwakataze Wikipedia pia. Tuwafundishe kushuka hadi kwenye tanbihi, wafungue chanzo chenyewe, waangalie mwaka. Mwaka, jamani! Mtoto anayesoma tarehe kabla ya kunakili ameshaepuka aibu iliyonikuta mimi.

Anza na swali dogo, kompyuta moja inatosha. Wakirudi na majibu yanayopingana, usiwahi kuwapa la kwako. Waache wabishane, kila mmoja afungue ukurasa wake mbele ya wenzake, na wewe ukae dawati la nyuma.