"Hujali hisia za wengine": sifa au lawama?

SWALI: Tumeandaa hojaji fupi ya sentensi kumi ili watu wajipime tabia wenyewe. Kila sentensi inapewa alama, kuanzia 1 (sikubaliani kabisa) hadi 7 (nakubaliana kabisa). Mojawapo inasema, "Hujali hisia za wengine." Tulikusudia kumsifu mtu mwenye huruma, lakini baadhi ya waliojibu walituuliza kwa nini tunawatukana. Tumekosea sarufi? Na je, tuseme tunapima tabia, hulka au haiba?

JIBU: Sarufi hamkukosea. Wala waliokasirika hawakukosea, maana walisoma Kiswahili sahihi kabisa.

"Hujali" ni umbo moja lenye maana mbili zinazopingana. Kuna hu- ya mazoea, ambayo haibagui nafsi: mimi hujali, yeye hujali, wao hujali. Kisha kuna hu- ya kukanusha nafsi ya pili umoja: wewe hujali, yaani huna habari na mtu. Kwa vitenzi vinavyoishia na -a mgongano huu haupo, kwa kuwa ukanushi wa wakati uliopo hugeuza -a kuwa -i. "Hupenda" ni mazoea, "hupendi" ni ukanushi, na hakuna anayechanganyikiwa. Vitenzi tulivyopokea kutoka Kiarabu visivyoishia na -a havigeuki: husahau, husamehe, huamini, hudharau, huheshimu, hushukuru, husubiri, hufikiri. Vyote vinasomeka pande mbili. Itazameni tena orodha hiyo. Kusamehe, kuamini, kudharau, kushukuru: hivi ndivyo vitenzi tunavyovikimbilia tunapotaka kumweleza mtu alivyo moyoni. Ndiyo maana hojaji ya tabia inanaswa na mtego huu kuliko maandishi mengine mengi.

Katika mazungumzo, "yeye" au "mimi" hutuokoa. Kwenye karatasi yenu sentensi imesimama peke yake, bila mtenda, mbele ya mtu aliyeambiwa ajitazame mwenyewe. Masikio yake yameshasikia "wewe" kabla macho hayajafika kwenye kitenzi.

Hojaji ikiwa fupi, madhara yanakuwa makubwa zaidi. Chukueni mfano wa ile ya sentensi kumi iliyotolewa mwaka 2003 na wanasaikolojia Samuel Gosling, Peter Rentfrow na William Swann. Inapima pande tano za hulka kwa sentensi mbili mbili: moja inaelekea upande wa sifa inayopimwa, ya pili upande wa kinyume, na alama ya hiyo ya kinyume hugeuzwa kwa kuitoa katika 8. Kwa mpango kama huo, kila sentensi ni nusu ya kipimo. Tuseme mtu mwenye huruma amejipa 2 kwenye sentensi ya kinyume, ikageuzwa kuwa 6, kisha akaisoma "hujali" kama lawama na kujipa 2. Wastani wake ni 4, katikati kabisa. Mnamwandika vuguvugu mtu ambaye amejieleza waziwazi mara mbili.

Dawa ni nafsi ya kwanza. Anayejipima anajisemea, kwa hiyo mpeni sentensi anayoweza kuitamka kama yake: "Ninajali hisia za wengine." Mkitaka mazoea yasikike, tumieni "huwa": "Huwa ninajali hisia za wengine." Upande wa kinyume msiandike "Sijali", kwa sababu atakayeijibu "sikubaliani" atalazimika kukanusha ukanushi, na wengi hupotea hapo. "Ninapuuza hisia za wengine" inatosha. Wala msiigeuze iwe swali la ndiyo au hapana. "Je, huamini watu haraka?" likijibiwa "ndiyo", mmoja amesema ndiyo, naamini, na mwingine amesema ndiyo, siamini. Kwa Kiswahili "ndiyo" huitikia kauli kama ilivyosemwa, hata ikiwa ya kukanusha.

Kuhusu jina, mimi ningeiacha haiba. Najua imo katika maandishi ya saikolojia, lakini kwa msomaji wa kawaida mwenye haiba ni mtu mwenye mvuto na heshima ya kutazamwa, na hakuna anayetaka kupimwa hilo kwa sentensi kumi. Hulka ndiyo inayobeba maana ya jinsi mtu alivyo, hata asipotenda jambo. Tabia ni pana zaidi, inagusa pia matendo na malezi, lakini inaeleweka na kila mtu. Katika ripoti andikeni hulka. Juu ya karatasi ya kujaza, tabia.

Limebaki moja ambalo hamkuuliza. Majibu mliyokwisha kukusanya msiyageuze kwa kukisia. Hamna njia ya kujua nani alisoma "hujali" ya mazoea na nani alisoma ya kukanusha, hata kwa wale ambao hawakulalamika. Iondoeni sentensi hiyo kwenye hesabu, iandikeni upya, kisha kabla ya kuisambaza waombeni watu wachache waisome kwa sauti na kuwaeleza kwa maneno yao wamekubaliana na nini.