Je, vipimo vya mtetemo vinaweza kuchukua nafasi ya uchorongaji mbele ya handaki?

Swali: Mimi ni mhandisi wa zamu katika handaki linalochimbwa kwa baruti kwenye granaiti. Wataalamu waliopima kwa mawimbi ya mtetemo wametupa picha ya rangi inayoonyesha mwamba mzuri kwa mita 120 mbele, wakashauri tuache kuchoronga matundu ya utangulizi, yaani matundu marefu membamba ya kupima mwamba ulio mbele kabla ya kuuchimba, ili tuokoe muda. Je, ni salama?

Jibu: Si salama, na ushauri huo nimeusikia mara nyingi mno. Kipimo hicho hakioni mwamba, bali husikiliza mwangwi unaorudi kutoka mahali ambapo kasi ya mawimbi au uzito wa mwamba kwa ujazo wake hubadilika. Mpasuko unaokingama mbele ya handaki hurudisha mwangwi vizuri. Ule unaokwenda sambamba na handaki hupeleka mwangwi wake kwingine, na picha hubaki safi ilhali maji yako mita chache ubavuni.

Tazama pia vipimo vyenyewe. Mawimbi ya mitetemo 500 kwa sekunde, yakisafiri mita 5,000 kwa sekunde, yana urefu wa mita 10, na tabaka lililo jembamba kuliko robo ya urefu huo, yaani mita 2.5, ni vigumu kulipambanua. Ufa wa upana wa kiganja unatosha kabisa kufurika handaki. Aidha, umbali hukokotolewa kwa kasi iliyopimwa nyuma, kwenye mwamba mliokwisha kuupita; kasi hiyo ikikosewa kwa asilimia 10, mpasuko ulioandikwa mita 100 unaweza kuwa mita 90.

Kinachoniudhi zaidi ni rangi nyekundu kuitwa “maji”. Mawimbi yanayotikisa mwamba kwa upande hayapiti kwenye kimiminika, kwa hiyo yakidhoofika kuliko yale ya msukumo ni haki kushuku maji. Lakini shinikizo na wingi wake havisomeki hapo. Anayekuahidi lita kwa dakika kutokana na mwangwi anakuuzia ramli yenye kompyuta.

Picha hiyo itumieni kuamua pa kuchoronga kwa makini zaidi. Chorongeni walau tundu moja la mita 30, likiingiliana na lifuatalo kwa mita 5 au zaidi, na mdomoni pawe na vali inayoweza kufungwa papo hapo. Kisha waombeni hao wataalamu rekodi ghafi za jiofoni, yaani vifaa vinavyonasa mtetemo; wakizificha, msiwalipe.