Ini jipya, mirija iliyochoka

SWALI: Daktari, mume wangu alipandikizwa ini miezi mitano iliyopita. Mwanzoni alikuwa na nafuu kubwa, lakini sasa macho yake yamekuwa ya manjano na anajikuna usiku kucha. Tumeambiwa kwamba mirija ya nyongo ndani ya ini hilo imebanwa na makovu, na kwamba huenda madhara yalianza kabla ini halijamfikia. Yawezekanaje ini lifanye kazi huku mirija yake imeharibika? Je, haikuwezekana kuilinda mapema?
Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU: Pole sana, dada. Mlichoambiwa kinawezekana, na sababu yake imo katika namna ini linavyopata damu. Seli za ini lenyewe hulishwa na njia mbili: ateri, na vena itokayo matumboni, ambayo huleta takribani robo tatu ya damu yote. Mirija ya nyongo haina bahati hiyo, kwani hutegemea ateri karibu peke yake, kupitia wavu wa vishipa vyembamba vinavyoizunguka. Ndiyo maana ini linaweza kukosa damu kwa saa kadhaa na bado likaamka, ilhali utando wa ndani wa mirija umekwisha kubanduka, na makovu yakafuata miezi kadhaa baadaye. Hatari huzidi pale mtoaji anapokuwa mtu ambaye moyo wake umekwisha kusimama, kwa kuwa ini hukaa kwa muda bila oksijeni likiwa bado na joto la mwili.

Ulinzi huanzia kwenye meza ya upasuaji, na adui wa kwanza ni nyongo yenyewe. Chumvi zake huyeyusha utando wa seli kama sabuni inavyoyeyusha mafuta. Katika mwili hai seli za mirija hujikinga kwa kutoa bikaboneti (chumvi ya jamii ya magadi), lakini ini likishapozwa kinga hiyo hulegea na nyongo iliyobaki ikatuama mle mle. Kwa hiyo mpasuaji huingiza mpira mwembamba kwenye mrija na kusukuma kimiminika baridi mpaka kile kinachorudi, ambacho mwanzoni huwa cha kijani iliyokolea, kitoke cheupe kama maji. Ni kazi ndogo, na kwa maoni yangu haistahili kufanywa kwa haraka hata siku moja.

Baada ya hapo, kwa desturi, ini huwekwa kwenye barafu, katika nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Baridi hupunguza njaa ya seli, haiiondoi, na kila saa inayopita ina gharama yake. Siku hizi zipo mashine zinazopitisha ndani ya ini kimiminika baridi chenye oksijeni kwa saa mbili au zaidi kabla ya kulipandikiza, ili mitokondria, yaani vinu vya nishati ndani ya seli, zirudishe nguvu taratibu kabla damu ya moto haijaingia kwa kishindo. Katika utafiti ulioongozwa kutoka Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2021, uliohusisha wapokeaji 156 wa maini ya watoaji waliosimama moyo, mirija iliyobanwa na kuleta dalili ilionekana kwa asilimia 6 ya waliopata maini yaliyopitia mashine, dhidi ya asilimia 18 ya wale ambao maini yao yalihifadhiwa kwa baridi peke yake.

Mashine nyingine huliendesha ini katika nyuzi 37, nalo hutoa nyongo mbele ya macho ya madaktari. Wingi wa nyongo hiyo usimdanganye mtu, kwani husema zaidi habari za seli za ini. Mirija yenye afya hujulikana kwa nyongo yenye bikaboneti nyingi na sukari kidogo kuliko kimiminika kinachozunguka.

Kuhusu mumeo, waulizeni madaktari kama sehemu zilizobanwa zinaweza kupanuliwa na kuwekewa kijibomba kwa njia ya endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Makovu yakiwa yametapakaa mno, huenda wakazungumzia ini jingine. Akipata homa ya kutetemeka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu nyongo iliyotuama huzalisha vijidudu upesi.